Jioni za Kipupwe Ng'ambo, Tabora

Akina mama wengi wa pwani wakisikia jina la Tabora hufikiri joto na vumbi. Wajaribu kwenda mwezi wa Julai. Mji ule uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua zikishakatika anga huwa tupu kabisa, halina wingu la kuifunika ardhi usiku. Mchana jua huwaka kama kawaida yake. Likizama tu, ubaridi hushuka, na alfajiri kipimajoto chaweza kusoma nyuzi 15 au pungufu. Kwa mtu wa Njombe hiyo si baridi ya kusimulia, lakini kwa mtoto mchanga aliyelala katika nyumba ya bati isiyo na dari ni baridi ya kutosha.

Ndiyo sababu katika majira hayo ya kipupwe watu wa Tabora huota moto, na mahali penye moto hapakosi kitu cha kutafuna. Tulikwenda watatu, wawili wetu wauguzi na mmoja mwalimu, tukafikia Ng'ambo kwa mama mmoja tuliyesoma naye. Ng'ambo ni kata mojawapo ya mji wa Tabora. Siku ya kwanza tulijiandaa kukaa sebuleni mbele ya televisheni kama tufanyavyo kwetu. Baada ya kula ugali, mwenyeji wetu akachukua mkeka, akasema, "Twendeni uani, bibi ameshawasha."

Bibi huyo ni mama mkwe wake, umri wake umepita miaka sabini, na moto wa nyumba ile ni mali yake. Hakuwa na lundo la kuni. Alikuwa na magogo matatu tu, vichwa vimekutana katikati, akiyasogeza kidogo kidogo kwa mguu kila yalipopungua. Kuni si za bure tena Tabora, kwa maana miti ya miyombo imekatwa sana kwa ajili ya mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na bibi hataki kuona mwali unaoruka juu bila kazi. "Mwali ni wa kutazama," alituambia, "kinachopika ni kaa na majivu."

Viazi vitamu ndivyo vilivyotangulia. Havikuwekwa juu ya moto bali vilifukiwa pembeni katika majivu ya moto pamoja na maganda yake, vikaachwa zaidi ya nusu saa. Mjukuu mmoja hakuweza kuvumilia.

"Bibi, vimeiva?"

"Kiazi hakiulizwi, mjukuu wangu. Choma kijiti."

Kijiti kikaingia nusu, kikagoma. Viazi vikafukiwa tena. Wakati huo karanga zilikuwa zikikaangwa juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, pamoja na chumvi kidogo, na aliyekuwa akizigeuza hakuruhusiwa kuondoa macho, maana karanga huungua wakati mtu anapogeuka kuitikia salamu. Kisha yakaja mahindi ya bisi, ambayo hayana maana kubwa ila kuwachekesha watoto. Jirani, mama wa Kiislamu, akapitia ukuta mfupi na birika la kahawa chungu iliyotiwa tangawizi, akaketi. Kila mtu akapewa vipande viwili vya matobolwa vya kuanzia.

Ambao hamjapata kuyaona matobolwa, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Watu wengine hukausha viazi vibichi bila kuvichemsha, na hivyo huitwa michembe. Wasukuma na Wanyamwezi wote wavijua. Tobolwa halina sura ya kuvutia, rangi yake ni ya hudhurungi na ukilibana kwa meno mara ya kwanza halikubali. Subiri. Baada ya muda linalainika kinywani na utamu wake hutoka polepole, utamu uliokolea kuliko wa kiazi chenyewe. Sisi tulimaliza mgao wetu haraka, tukaona aibu kuomba tena. Bibi akaona, akatuongezea bila kusema neno.

Chakula cha njiani

Kwa kweli chakula hiki cha kando ya moto ni cha watu wa safari. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Barabara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika, nyingine kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Buganda. Wazungu wa kwanza walioandika habari za mji huu, Burton na Speke, waliingia tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani, nao waliuita Kazeh. Lakini walioijua njia hiyo kwa nyayo zao ni wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi. Wengi waliondoka baada ya mavuno, mvua zikiwa zimekwisha, ili wawahi kurudi kulima. Basi kambi zao nyingi ziliangukia majira haya haya ya baridi.

Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Mama yeyote aliyepata kupima unga kwa kibaba anajua kwamba hicho hakifiki kilo moja, na kwa mwanamume aliyetembea tangu alfajiri na mzigo begani ni kidogo. Cha kujazia kilinunuliwa katika vijiji vya njiani au kilibebwa kutoka nyumbani, na chakula cha kubeba hapana budi kiwe chepesi, kisioze na kisihitaji sufuria. Ukilishika tobolwa mkononi huhitaji kuelezwa zaidi.

Tulipokwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, tukaona jinsi wageni walivyohangaika na chakula katika njia hiyo hiyo. Pale pana tembe iliyojengwa upya, ambayo ni makumbusho ya Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapo tarehe 18 Februari 1872 kutoka Ujiji. Huko Ujiji, tarehe 25 Desemba 1871, walitaka kula Krismasi ya kwao. Stanley aliamka asubuhi kumfundisha mpishi wake, Feraji. Sokoni walipata kondoo mwenye mkia mnono, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu na viazi vitamu. Mwisho wake nyama iliharibika na kastadi ikaungua, na Stanley akamlaumu mpishi. Sisi tungependa kuisikia na habari ya Feraji. Mtu hana tanuri, ana mafiga, naye anaambiwa apike kitu ambacho labda hajapata kukionja. Kama angeachiwa samaki na viazi vile avipike ajuavyo, huenda wangekula vizuri sana.

Walipofika Kwihara wakafungua masanduku ya Livingstone yaliyotumwa kutoka Unguja kwa gharama kubwa. Stanley aliandika kwamba vikopo vya nyama ya nguruwe vilikuwa vidogo karibu kama subana, kila kimoja kijiko kimoja cha nyama ya kusaga yenye pilipili nyingi. Magudulia ya jamu yalikuwa ya mawe, yenye uzito wa ratili, na ndani yake jamu ilizidi kidogo tu kijiko cha chai! Mpagazi alikuwa amebeba mawe kutoka pwani.

Stanley akaondoka mwezi wa Machi. Livingstone akabaki pale akingoja wapagazi wapya mpaka tarehe 25 Agosti, maana yake alikaa kipupwe kizima cha Tabora. Katika miezi hiyo ya kungoja alinunua ng'ombe wa maziwa na kutengeneza jibini ya safari. Aliandika kwamba hakutumia dawa ya kugandisha, kwani maziwa yaliganda yenyewe kwa nusu siku, lakini jibini ilikuwa chachu kidogo. Wanawake wa Unyamwezi walijua tangu zamani maziwa yanavyoganda katika hali ya hewa ile.

Na huko Ulaya je?

Tulipokuwa tukizungumza hayo kando ya moto, mjukuu mkubwa, anayesoma sekondari, akauliza kama Wazungu nao huota moto uani. Mmoja wetu alifanya kazi ya uuguzi miaka kadhaa mjini Leeds, Uingereza, basi akawa msimuliaji wa usiku ule.

Alieleza kwamba Waingereza huwasha moto mkubwa tarehe 5 Novemba, baridi inapoanza kuuma. Mwaka 1605 watu fulani walikula njama kulipua Bunge kwa baruti na kumwua mfalme, njama ikagunduliwa, na tangu hapo siku hiyo huadhimishwa kwa moto na fataki. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la maana zaidi: "Wanakula nini?"

Wanakula viazi, viazi mviringo, ambavyo zamani vilifukiwa majivuni na maganda yake. Watoto hula tufaha lililochomekwa kijiti na kuchovywa katika sukari iliyochemshwa mpaka ikawa kama kioo. Na katika sehemu ile ya Leeds, yaani Yorkshire, na kwa jirani zao wa Lancashire, huoka keki nzito inayoitwa parkin. Hiyo hutengenezwa kwa oti, ile nafaka ya uji wao, pamoja na molasi ya miwa na tangawizi. Haipendezi siku ile ile ya kuokwa. Huwekwa ndani ya kopo siku kadhaa mpaka ilainike. Hapo bibi akatikisa kichwa kukubali. Chakula kinachongoja alikielewa.

Wareno wana siku yao, tarehe 11 Novemba, ya Mtakatifu Martino, na wao huchoma njugu kubwa za msituni, ambazo ni lazima zichanjwe kwa kisu kwanza ama sivyo zitapasuka usoni mwa mtu. Wajerumani wa pwani ya kaskazini huwasha moto tarehe 21 Februari, majira ya baridi yakiwa ukingoni, na chakula chao ni mboga ya jamii ya sukuma wiki iliyopikwa muda mrefu na nyama ya nguruwe ya moshi. Jirani yetu wa Kiislamu akasema hapo angeomba sukuma wiki peke yake. Tukacheka sana.

Jambo moja liliwashangaza watoto. Kiazi cha moto wa Mwingereza na kiazi kitamu cha moto wa Ng'ambo vyote viwili asili yake ni Amerika, kama yalivyo mahindi na karanga. Vilivuka bahari baada ya safari za Wahispania na Wareno. Kabla ya hapo mababu wa Unyamwezi walikuwa na mtama, ulezi, kunde, njugumawe, na asali ya misitu yao. Basi mama asione haya kumpa mgeni kiazi cha majivuni akidhani ni chakula cha kishamba. Tumekutana na akina mama kliniki ambao ukiwauliza mtoto amekula nini wanajibu biskuti, kumbe amekula kiazi na karanga, chakula kilicho bora mara nyingi kuliko hiyo biskuti.

Moto unapoingizwa ndani

Mwenyeji wetu alitueleza kwamba katika nyumba nyingi moto wa uani umekwisha. Kuni ni ghali, viwanja vimebanana, watoto wana simu. Lakini baridi haikuondoka, na watu wanaotaka joto huchukua jiko la mkaa wakaliingiza chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala.

Mpenzi msomaji, hapa tunasema kama wauguzi. Katika miaka yetu ya kazi tulipokea alfajiri moja mama na watoto wawili waliolala hivyo. Mama na mtoto mkubwa walipona. Mdogo hakupona. Jiko lilikuwa halitoi moshi hata kidogo, mkaa umewaka mwekundu safi, na mama alidhani mkaa usio na moshi hauna madhara. Sivyo. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika chembe nyekundu za damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na haiachii kwa urahisi. Aliyelala haamki. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, hata akadhani ni malaria. Wajawazito, watoto na wazee huathirika upesi zaidi. Ukiona dalili hizo chumbani mwenye jiko, mtoe mgonjwa nje penye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali hata kama amepata nafuu. Jiko likae nje. Ndani ni blanketi, soksi, kofia ya mtoto, na kulala pamoja.

Moto wa nje nao una hatari zake. Kila kipupwe wodi hupata watoto walioungua, na wengi ni wale wanaoanza kutembea. Bibi wa Ng'ambo ana sheria ambayo tungependa ifuatwe kila mahali: mtoto asiyejua kuhesabu hadi kumi hukaa mapajani mwa mtu, si kwenye mkeka. Pia hakuna anayejifunga kanga yenye ncha zinazoning'inia upande wa moto. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga wala majivu, na usipasue malengelenge. Nguo ikishika moto, mlaze mtu chini na kumviringisha, asikimbie.

Yako na ya chakula. Katika miezi hiyo asali mpya ya misitu ya Tabora huwa imejaa sokoni, na bibi alitutolea bakuli tuchovye viazi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata kwa ncha ya kidole, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia, vikamletea ugonjwa wa kulegea viungo na kushindwa kupumua. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, humpalia. Umsagie, umtilie katika uji. Na karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zitupwe. Kukaanga hakuondoi sumu ya ukungu. Mwaka 2016 sumu ya namna hiyo katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, hivyo si jambo la kubahatisha.

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta bibi ameshaanza kazi ya matobolwa ya mwaka, tukamwomba atuonyeshe. Viazi havipikwi siku ile ile ya kuchimbwa. Huachwa siku mbili tatu vinyauke ili utamu uongezeke. Huchemshwa kwa maji kidogo mpaka viive bila kuvurugika, humenywa vikiwa bado vuguvugu, hukatwa vipande vya unene wa kidole. Yeye huvianika juu ya jamvi lililoinuliwa kwenye kichanja, mbali na kuku na mbuzi, akifunika kwa chandarua kikuukuu kwa ajili ya nzi. Jioni huviingiza ndani visipate umande. Katika jua la Julai siku nne au tano zatosha. Kipande kikikunjwa kisionyeshe unyevu ndani ndipo kinawekwa katika chungu au ndoo yenye mfuniko.

Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi kuliko vile vyeupe, na mwenyeji wetu amepanda matuta machache ya hivyo. Bibi anasema havikauki vizuri kama vya zamani, kwa hiyo hivyo vya chungwa huliwa vibichi vya kuchemshwa, na vyeupe ndivyo vya kuanika. Hawajapatana bado. Matobolwa yakikauka hayaliwi yote kando ya moto. Nusu hufungwa mpaka Januari, mvua zikiwa zinanyesha na mahindi mapya hayajakomaa. Siku hizo huyaloweka kwa saa moja, huyachemsha, na yakilainika huyatilia karanga zilizotwangwa na chumvi, yakapikwa tena mpaka rojo iwe nzito. Wanakula asubuhi na chai ya rangi kabla watoto hawajakwenda shule.